Jinsi ya kufunga huki ya gusineki kwenye pikapu bila kujuta baadaye

Mtu akisikia bodi ya pikapu yake inatakiwa itobolewe tundu la inchi 4 katikati kabisa anashika kichwa, na mi simlaumu, mara ya kwanza nilikaa na drili mkononi karibu nusu saa nimepiga magoti ndani ya bodi napima tena na tena kama mtu aliyepoteza pete. Lakini ukweli ni kwamba hii kazi sio ngumu. Ni nzito, ni chafu, mgongo utauma, ila ngumu sio. Kitu kimoja tu ndo hakina marudio, nalo ni hilo tundu, vingine vyote ukikosea unalegeza nati unarudia. Kwa hiyo huu mwongozo utakaa sana kwenye mambo ya kabla ya tundu na yale mengine tutayapitia kwa spidi.

Tuelewane majina kwanza. Gusineki ni ule mfumo ambao trela lina shingo ndefu iliyopinda kama ya bata bukini, inapita juu ya mlango wa nyuma wa pikapu alafu inashuka ndani ya bodi na kukalia goroli moja ya chuma. Hiyo goroli ndo unayoiona kwa juu, lakini huki yenyewe iko chini ya bodi: kuna machuma mawili yanayokatiza kutoka upande mmoja wa chasisi mpaka wa pili, kuna kiini cha katikati ambacho goroli inachomekwa, na kuna mabamba mawili ya pembeni yanayofungwa kwa bolti kwenye chasisi. Bodi haibebi chochote, ile ni bati tu, goroli inapita kwenye tundu na uzito wote unashuka kwenye chasisi.

Faida yake ni nini? Huki ya kawaida ya kwenye bampa inaning'iniza mzigo nyuma ya ekseli, mkia unakandamizwa, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na trela likianza kucheza mkia barabarani unaweza ukasahau na jina lako. Gusineki inaweka uzito juu ya ekseli ya nyuma, au mbele yake kidogo, hivyo gari linashuka likiwa limetulia na trela linafuata kwa adabu. Ndo maana wanaovuta ng'ombe, matrekta, mabomba na mizigo mirefu wanaipenda.

HATUA YA 1: SOMA KIBANDIKO CHA MLANGONI KABLA HUJATOA HELA

Hapa ndo watu wengi wanaingia mkenge. Unaona huki imeandikwa inavuta ratili 30,000, hiyo ni kama kilo 13,600, na uzito wa kukandamiza goroli ratili 7,500, kama kilo 3,400, basi unajiona una lori. Hapana. Hiyo ni nguvu ya chuma cha huki, sio nguvu ya gari lako. Kufunga huki kubwa hakuongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa pikapu, kwenye huu mnyororo wote kinachohesabiwa ni kile kipingili dhaifu kuliko vyote.

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo, kuna kibandiko kinachosema abiria na mizigo kwa pamoja visizidi kilo kadhaa. Hiyo namba ndo bosi wako. Sasa kwenye gusineki trela linakandamiza goroli kwa kiasi cha asilimia 15 mpaka 25 ya uzito wake wote, watu wengi wanapigia hesabu asilimia 20. Tufanye mfano: trela pamoja na mzigo ni kilo 6,000. Asilimia 20 yake ni kilo 1,200, hizo zote zinabebwa na gari lako. Weka dereva na msaidizi wake kilo 160, huki yenyewe kilo 70 hivi, boksi la spana, cheni na makorokoro mengine kilo 50. Umeshafika 1,480. Kama kibandiko kinasema 1,400 umeshazidi, hata kama kitabu cha gari kinasema linavuta kilo 7,000 bila shida, maana kuvuta na kubeba ni vitu viwili tofauti na kwenye gusineki kubeba ndo kunakokwisha kwanza.

Angalia pia uwezo wa ekseli ya nyuma (umeandikwa hapo hapo mlangoni) na uwezo wa tairi ulioandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi laini za kutembelea mjini kwenye hii kazi ni kutafuta msiba.

Kwa sababu hiyo huu mfumo unakaa zaidi kwenye pikapu kubwa, zile za aina ya Ford F-250 na F-350, Ram 2500 na 3500, Silverado 2500HD na wenzake. Zile za nusu tani kama F-150 huki zake zipo pia, zinafungwa vizuri tu, ila kilo za kubeba zinaisha haraka. Pikapu za umbo la Hilux, ambazo kwenye masoko mengi zinaishia kuvuta kilo 3,500, mi kwa maoni yangu bora ubaki na huki ya nyuma tu usihangaike.

HATUA YA 2: CHUNGULIA KAMA GARI LIMESHAANDALIWA KIWANDANI

Usiruke hii. Pikapu nyingi kubwa za miaka ya karibuni zinaweza kuagizwa na maandalizi ya kiwandani, yale machuma ya chini yanakuwepo tayari na juu ya sakafu ya bodi kuna matundu matano yaliyofunikwa na vifuniko, moja katikati na manne yamelizunguka. Ukikuta hivyo umeokoka, hautoboi kitu, unanunua goroli na vishikizo vya cheni vinavyoendana na hilo gari, unachomeka, unafunga, dakika kumi umemaliza na unaweza kurukia kwenye hatua ya waya huko chini. Kama bodi ina zulia la mpira litoe lote uangalie, kuna jamaa alikuja na huki mpya kwenye boksi tukalinyanyua zulia tukakuta matundu yote yapo, ameendesha hilo gari miaka mitatu hajui.

HATUA YA 3: CHAGUA HUKI

Kuna za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ya juu ya bodi, bamba linalala juu ya sakafu na goroli imesimama muda wote. Inafungwa kirahisi lakini bodi yako imekufa, kila ukipakia kitu unaparamia goroli, na wengine zinawavunja vidole vya miguu. Ya pili ni ya chini ya bodi, ambayo goroli inatoka au inageuzwa kichwa chini ikazama kwenye tundu, bodi inabaki tambarare. B&W na CURT wote wanatengeneza za namna hii. Mi nashauri hii ya pili bila kupepesa macho na maelezo yote yanayofuata ni ya kwake.

Hakikisha kifaa ulichonunua ni cha gari lako hasa: aina, mwaka, urefu wa bodi. Machuma ya chini karibu yanafanana, lakini mabamba ya pembeni na bolti zake yanatengenezwa kufuata matundu ya chasisi ya gari fulani, na kampuni ikibadilisha chasisi yale ya zamani hayakai. Usikubali maneno ya "itaingia tu".

Goroli ya kawaida ya gusineki ni inchi 2 na 5/16, karibu milimita 59. Zipo na za inchi 3 kwa mizigo mikubwa zaidi. Angalia namba iliyogongwa kwenye kichwa cha shingo ya trela lako na kwenye goroli, ziwe sawasawa. Goroli ya inchi 2 ikiingia kwenye kichwa cha 2 na 5/16 itaonekana kama imejifunga vizuri kabisa, utaondoka, alafu kwenye tuta la kwanza trela litaruka.

Kama bodi yako ni fupi (futi 5 na nusu au 6 na nusu) kuna jambo la ziada, ukikata kona kali pembe ya mbele ya trela inaweza kugonga kioo cha nyuma cha kabini. Shingo ya gusineki ni nyembamba kwa hiyo hatari ni ndogo kuliko kwa yale matrela ya nyumba, lakini ipo. Simamisha gari, pima kutoka goroli itakapokaa mpaka nyuma ya kabini, alafu pima kwenye trela kutoka kichwa cha shingo mpaka pembe yake ya mbele. Pembe ikiwa mbali kuliko kabini, kuna siku utalia. Dawa yake ni goroli iliyosogezwa nyuma inchi chache au kichwa cha trela kilichopinda.

VITU VYA KUANDAA

Jeki na stendi nne imara, drili yenye nguvu (ile ya kutundikia picha ukutani iache nyumbani), msumeno wa kikombe wa inchi 4 au saizi yoyote iliyoandikwa kwenye karatasi ya huki yako, biti ndogo ya kuanzia, biti ya nusu inchi au kama ilivyoandikwa, soketi kubwa na mkono mrefu, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, futi ya chuma, mafuta ya kukatia au hata oili kidogo, praima na rangi, miwani ya macho. Na mtu wa pili. Kile kiini na machuma yake ni mazito, kukinyanyua peke yako umelala chali na chuma kiko juu ya uso sio ushujaa. Mkiwa wawili na gari halina kutu sana tenga nusu siku, wenye uzoefu wanamaliza kwa masaa mawili matatu.

HATUA YA 4: KUSAFISHA NJIA CHINI

Funga hendibreki, weka kuni au mawe kwenye tairi, tenganisha betri kama utagusa waya. Shusha spea tairi, hapo ndo utapata nafasi. Alafu ingia chini na tochi uangalie kila kitu kilichopita kati ya chasisi na bodi pale juu ya ekseli: paipu za breki, paipu za mafuta, waya za sensa za breki, paipu ya hewa ya ekseli. Mara nyingi bati la kukinga joto la ekzosi linaingilia na inabidi ulitoe au ulikate kidogo, na zile raba zinazoning'iniza ekzosi zichomoe moja mbili ili bomba lishuke upate pa kupitisha machuma (zipulizie maji ya sabuni kwanza zitateleza).

Kuna magari mengine nafasi kati ya chasisi na bodi ni finyu, inabidi ulegeze bolti za bodi upande mmoja uinyanyue kidogo kwa jeki na kipande cha ubao. Karatasi itakuambia. Bolti za bodi zilizokaa miaka mingi zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kabla.

HATUA YA 5: KUPIMA (usiharakishe hapa tafadhali)

Karatasi ya huki itakupa namba mbili: umbali kutoka mwisho wa nyuma wa bodi mpaka katikati ya tundu, na kwamba tundu likae katikati ya upana. Hizo namba zinatofautiana kwa kila gari na kila urefu wa bodi kwa hiyo usichukue ya jirani.

Kwa upana usipime kutoka kwenye kuta za juu za bodi, pima kati ya madigadi mbili za ndani, gawa kwa mbili, weka alama. Pima sehemu mbili, mbele kidogo na nyuma kidogo ya ekseli, unganisha kwa mstari. Kwa urefu funga futi kwenye bati lenyewe la bodi mahali karatasi ilipoonyesha. Makosa yangu mi yalikuwa hapa, nilipima kuanzia ukingo wa laina (ile kava ya plastiki inayotandikwa ndani ya bodi) badala ya bati, nikapoteza karibu sentimita mbili, bahati nzuri nilikuwa nimetoboa kitundu kidogo tu cha kuanzia, nikakizibia na rangi na kuanza upya. Tangu siku hiyo laina natoa yote nje ndo napima.

Ukishaweka alama fanya jaribio la akili: shuka chini uangalie katikati ya ekseli iko wapi. Alama yako inatakiwa iwe juu ya ekseli au mbele yake kwa inchi chache. Ikiwa nyuma ya ekseli kuna kitu umekosea, rudi mwanzo. Goroli ikikaa nyuma ya ekseli inaanza kunyanyua pua ya gari na umepoteza ile faida yote tuliyoisema.

Alafu toboa kitundu kidogo cha milimita 6 hivi kwenye alama, sio zaidi. Kabla ya hapo mwenzio awe chini (pembeni, sio chini ya biti) athibitishe biti haitashukia kwenye paipu au waya. Kitundu kikishatoka pitisha waya mwembamba ushuke chini, huo ndo unakuambia kwa macho yako katikati halisi iko wapi ukilinganisha na chasisi. Pima kutoka huo waya mpaka chasisi ya kushoto, alafu ya kulia. Zikilingana pumua. Zikitofautiana kidogo sana bodi yenyewe imekaa upande, inatokea, na hapo unafuata chasisi kwa sababu ndiyo itakayoshika huki.

HATUA YA 6: TUNDU LENYEWE

Sasa weka msumeno wa kikombe. Spidi ndogo, mafuta kidogo, mkono umenyooka. Sakafu ya bodi ina mawimbi kwa hiyo meno yatashika juu kwanza na drili itataka kukuvunja mkono, shika kwa mikono miwili na usikandamize, acha meno yakate yenyewe. Ukiona moshi umekwenda kasi sana. Ukimaliza pitisha tupa kwenye ukingo utoe makali, alafu praima, alafu rangi, upake mara mbili. Ukiacha chuma kitupu kutu inaanzia hapo hapo.

Chembe za chuma zifyonze au zizoe ZOTE, pamoja na zilizojificha kwenye mikunjo ya bodi, maana mvua moja tu zinageuka madoa ya kahawia kila mahali. Wenye Ford Super Duty (ndo hizo F-250 na F-350) kuanzia toleo la 2017 kumbukeni bodi yenu ni ya alumini, inakatika laini kama muhogo mbichi ila sumaku haitakusaidia kuokota chembe zake.

HATUA YA 7: KUPANDISHA MACHUMA

Kwa kawaida machuma mawili ya kukatiza yanaingizwa kutokea upande wa tairi, yanapita juu ya chasisi chini ya bodi, moja mbele ya tundu na lingine nyuma yake. Angalia lipi la mbele lipi la nyuma, mara nyingi hayafanani. Alafu kiini kinanyanyuliwa kwa jeki mpaka shingo yake iingie kwenye tundu ulilokata, kinafungwa kwenye machuma kwa bolti, LEGEVU. Alafu mabamba ya pembeni kwenye chasisi, bolti zake nazo legevu. Hakuna kukaza kitu chochote mpaka kila bolti iko mahali pake, ukikaza moja mapema ya mwisho haitaingia na utatukana bure.

Kwenye chasisi zilizofungwa kama boksi bolti inatakiwa iingie kwa ndani na hauna njia ya kupeleka mkono. Ndo maana kwenye kifurushi kuna zile springi nyembamba za waya. Unapitisha waya kwenye tundu dogo, unautokezea kwenye tundu kubwa la jirani, unavisha kipande bapa cha chuma, unasokota kichwa cha uzi wa bolti kwenye springi, alafu unavuta taratibu mpaka bolti inachungulia pale unapoitaka. Ni kama kuvua samaki. Usiivute kwa nguvu, ikidondokea ndani ya chasisi utaisikia ikigongagonga milele.

Na tafadhali, hakuna kuchomelea. Chasisi za pikapu nyingi hizi ni chuma cha ugumu wa juu, ukipiga welding joto linaweza kukilegeza pale pale na huko mbele kinaweza kupasuka. Fundi akikwambia "bolti za nini, nakupigia welding moja matata", mshukuru, ondoka. Bolti ulizopewa pia usibadilishe na za dukani, zile zina daraja lake la ugumu.

Goroli ichomeke sasa hivi kabla ya kukaza, uone iko katikati ya tundu na haigusi bati. Sogeza kiini mpaka ikae sawa. Alafu kaza kwa mpangilio ulio kwenye karatasi, kwa spana ya kupimia, kwa namba ya karatasi. Usikaze kwa hisia. Bolti iliyokazwa kidogo inalegea, iliyokazwa kupita kiasi imeshanyooka na siku ya mzigo inakatika.

HATUA YA 8: CHENI NA MPINI

Vishikizo vya cheni za usalama ni bolti mbili zenye umbo la U, moja kila upande wa goroli. Kiini chako kina matundu yake tayari, hivyo toboa kutokea chini kwenda juu kupitia matundu hayo hayo, yenyewe ndo kipimo. Vishike na springi na nati zenye plastiki ndani, usizikaze mpaka mwisho, vinatakiwa viweze kunyanyuka ukivuta na kulala vyenyewe ukiachia. Paka rangi na hapa.

Mpini wa kufungulia goroli unatokea kwenye madigadi ya upande wa dereva. Uvute, goroli ilegee, iache, pini irudi na kupiga "ta". Kisha jaribu kuichomoa goroli kwa nguvu zako zote. Ikitoka bila mpini kuvutwa, haujamaliza kazi.

Rudisha raba za ekzosi, bati la joto, spea. Pitia paipu za breki kwa mkono, hakuna inayogusa chuma kipya, yenye kugusa ifunge pembeni kwa tai za plastiki.

HATUA YA 9: UMEME

Soketi ya trela iliyoko kwenye bampa iko mbali na shingo ya gusineki, ukivuta waya ukapita juu ya mlango wa nyuma utakatika tu. Weka soketi ya pili ya pini 7 ndani ya bodi, ukutani karibu na mlango wa nyuma upande wa dereva. Kuna waya za tawi zinazochomekwa kati ya soketi ya zamani na waya za gari bila kukata kitu, nunua hizo uache kukata na kufunga selotepu. Tundu la soketi lipake rangi kama yale mengine.

Trela zito lina breki za umeme, kwa hiyo kabini inahitaji kontrola ya breki. Magari mengi makubwa yanatoka nayo, kama lako halina funga. Trela lisilo na breki za kwake kwa uzito huu usilivute hata kwenda hapo jirani.

SIKU YA KUUNGANISHA KWA MARA YA KWANZA

Shusha mlango wa nyuma kabla ya kurudi nyuma, au uutoe kabisa. Milango ya nyuma inayovunjwa na shingo za trela ni mingi kuliko watu wanavyokubali. Rudi mpaka goroli iwe chini ya kichwa, shusha trela kwa miguu yake, funga komeo, weka pini yake. Sasa kabla ya cheni fanya jaribio hili: zungusha miguu ya trela kama unalinyanyua tena. Kama kichwa kimeshika kweli, nyuma ya pikapu itaanza kunyanyuka pamoja na trela. Kama kichwa kinatoka kwenye goroli, umegundua ukiwa umesimama na sio ukiwa spidi 80. Shusha tena, cheni mbili, soketi, na ule waya wa dharura wa breki ufunge kwenye gari lenyewe, sio kwenye cheni, maana kazi yake ni kuchomoka pale kila kingine kimeshindwa.

Angalia nafasi kati ya chini ya shingo na kingo za juu za bodi, watu wanaacha inchi 6 hivi, ili gari likipita kwenye shimo trela lisikalie kuta za bodi. Ikiwa ndogo pandisha kichwa cha trela, kina matundu ya kurekebishia. Alafu tafuta uwanja mtupu, mtu asimame pembeni aangalie kabini, kata kona taratibu kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Ujue mwisho wako uko wapi kabla ya kuutafuta kwenye geti la mtu.

UKIMPA FUNDI AKUFUNGIE

Hakuna aibu, wengi wanafanya hivyo na ni sawa. Ila muulize maswali matatu: ameshafunga ngapi za gari kama lako, ana spana ya kupimia nguvu (mwambie akuonyeshe), na karatasi ya maelekezo utaondoka nayo wewe. Ukichukua gari lala chini uangalie mwenyewe: bolti zote zipo, kingo za matundu zimepakwa rangi, paipu hazijabanwa. Mi niliwahi kupokea gari kutoka kwa fundi mmoja, juu linang'aa, chini bolti mbili za bamba la kulia bado zimo kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya siti. Akasema "hizo ni za akiba". Hakuna bolti za akiba kwenye kifurushi cha huki.

Baada ya safari za kwanza, tuseme km 80 za kuvuta, rudi chini na spana ile ile ukaze tena zote kwa namba ile ile, vyuma vikishakalia vizuri bolti huwa zinaachia kidogo. Baada ya hapo kagua kila msimu. Goroli ichomoe mara moja moja hata kama hauitumii, futa tope, paka girisi nyembamba kwenye mguu wake na kwenye pini ya mpini, kile kishimo kinakusanya maji na vumbi na ukikiacha mwaka mzima itabidi uitoe goroli kwa nyundo.